Mpaka Jiwe Lijibu

Siku ya kuniaga, wenzangu wa gereji walinizawadia godoro. Nadhani walitaka kusema kwamba kazi iliyobaki ni kulala. Nililipokea, nikala pilau, nikasikiliza hotuba za watu ambao hawajawahi kuingia chini ya gari wakieleza jinsi nilivyolipenda vumbi. Kisha fundi mmoja wa siku hizi, mwenye ovaroli safi kuliko shati langu la kanisani, akaniuliza, "Mzee Mkumbo, mashine ya alaimenti ikishaonyesha rangi ya kijani, kuna haja tena ya kuangalia tairi?"

Nikamwambia ale pilau. Lakini swali lile lilinikaa kooni hadi nyumbani, na ndilo lililonifanya nishike kalamu. Simwandikii yeye, kwa sababu yeye hatasoma. Nawaandikia wachache ambao bado wanainama.

Mimi si mtu wa Kigoma. Nililetwa na garimoshi, kijana wa Singida mwenye cheti cha ufundi na barua ya kupangiwa kazi katika karakana ya serikali. Nilidhani cheti kile kitanitambulisha. Fundi mkuu alikuwa Mzee Songoro, Mmanyema wa Ujiji aliyekuwa akiishi Buzebazeba, mtu asiye na meno ya mbele, asiye na subira, na asiye na neno jema kwa yeyote aliyezaliwa baada yake. Nilimpa shikamoo, akaitika marahaba huku akinisukumia tairi kuukuu kwa mguu.

"Soma," akasema.

Nikasoma maandishi ya ubavuni, saizi na yote, kwa sauti ya mwanafunzi aliyezoea kusifiwa.

"Hilo ni jina lake. Mimi nimekuuliza ugonjwa wake."

Alinifumbisha macho, akanishika kiganja na kukipitisha juu ya tairi, kutoka ukingo wa ndani kwenda wa nje. Kilipita vizuri. Akakirudisha kutoka nje kwenda ndani, kikakwaruzwa, kama unapompapasa samaki kutoka mkiani kwenda kichwani. "Magurudumu ya mbele hayasemezani," akasema. "Kila moja linataka kwenda kwao, na barabara inawalamba wote wawili." Huo ndio ulikuwa mhadhara wangu wa kwanza wa alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu. Chuoni tulikuwa tumeutumia muhula mzima bila kugusa tairi.

Miaka iliyofuata nilijifunza mengine hivyo hivyo, kwa kiganja na kwa matusi. Tairi lililoisha katikati limejazwa upepo kupita kiasi, na mwenye kulijaza ni dereva anayeogopa mawe ya barabara ya Kasulu kuliko anavyomwogopa Mungu. Lililoisha kingo zote mbili limekosa upepo, na mara nyingi limetoka Ilagala. Kule mdomoni mwa Malagarasi kuna mchanga, dereva anapunguza upepo ili ajikwamue, ananunua samaki wake, halafu anarudi mjini kwenye kokoto na matairi yaliyolegea kama matandiko, akiimba. Tairi lenye mabonde mabonde limeponzwa na shokapu zilizokufa. Lililoliwa ukingo mmoja tu, kabla hujagusa kitu, shika gurudumu juu na chini ulitikise, maana huenda beringi za gurudumu zimelegea na wewe unataka kusumbua vyuma visivyo na kosa.

Ila jambo lililomtoa Mzee Songoro povu ni lile la kuhamisha matairi. Fundi mvivu akiona ya mbele yanaisha, anayapeleka nyuma na kuleta ya nyuma mbele, kisha anamwambia mwenye gari kwamba tatizo limekwisha. "Huko ni kuosha maiti kabla daktari hajafika," alikuwa akisema. Alitaka tairi lisomwe mahali lilipofia. Alitaka pia gari lipimwe zima, mbele na nyuma, kwa uzi wa nyavu aliokuwa akiununua kwa wavuvi wa Kibirizi, na chaki, na timazi. Vijana wa karakana walimcheka kwa uzi ule. Walicheka hadi walipostaafu, na nawahakikishia kwamba magari yao hayakuwahi kunyooka.

Kisha vita vya ng'ambo vikaleta watu. Walikuja kwa miguu kutoka Burundi, wakaja kwa maboti kutoka Kongo, na misaada ikaja nyuma yao kwa matairi. Ghafla Kigoma ikajaa mikonga, yale magari meupe ya miguu minne yenye bomba la hewa linalopanda hadi juu ya paa. Mashirika yalihitaji mafundi, nami nikahamia shirika mojawapo lililokuwa na kambi upande wa Kasulu. Mzee Songoro alikuwa ameshastaafu. Alinipa uzi wake na kuniambia nisiwape wajinga. Kwa kufuata masharti hayo, uzi ule ninao mpaka leo.

Gereji yetu ilikuwa ndani ya uzio wa ofisi, kando ya kambi. Mkuu wetu wa usafiri, ambaye sitamtaja jina kwa kuwa watoto wake ni watu wazuri, alikuwa ametoka Dar es Salaam na alipenda mistari iliyonyooka. Kulikuwa na kanuni ya usalama kwamba kila gari liegeshwe kinyumenyume, pua ikitazama geti, ili pakizuka fujo watu waruke ndani na kuondoka. Kanuni ilikuwa ya busara. Mkuu akaitia na yake. Aliamuru kila gari liwe na nafasi yake, na nyuma ya kila nafasi yapangwe mawe mawili yaliyopakwa chokaa, moja kwa kila gurudumu. Jioni alipita akikagua. Gari lisilogusa mawe lilikuwa limevunja mstari, na mstari ulikuwa ukipigwa picha na wageni.

Madereva wakajizoesha. Walirudi nyuma bila kugeuza shingo, mpaka jiwe lijibu. Ndivyo walivyosema, "mpaka jiwe lijibu." Jiwe lilijibu puu, abiria wakayumba, dereva akazima gari na kushuka akipangusa mikono kama mtu aliyemaliza kazi. Magari yalifanya hivyo kila yaliporudi, na yalirudi mara nyingi. Mawe yenyewe yalikuwa ya mlimani, hakuna yaliyolingana. Makubwa zaidi yalikuwa kwenye nafasi ya Mkuu, kama heshima inavyotaka.

Sasa nimfikie Elias. Huyu ndiye aliyeendesha gari la wajawazito, kutoka zahanati ya kambi hadi hospitali ya mkoa mjini. Wazazi wake walikimbia Burundi katika vita vya zamani, yeye akiwa mgongoni. Alikulia Kasulu, alisema Kiha kuliko Waha wengine, na wenzake walimwita Muha akipatia na Mrundi akikosea. Karatasi ya uraia hakuwa nayo. Alikuwa na leseni, na alikuwa na kitambulisho cha kazi cha shirika, chenye picha yake akitabasamu kidogo.

Gari lake lilikula matairi ya mbele kuliko gari lolote. Mkuu alikuwa na nadharia yake, kwamba tairi la mbele likiisha, dereva anakata kona kwa kasi. Nadharia hiyo aliipata wapi sijui, pengine aliipata akiwa amekaa. Alimwonya Elias mara ya kwanza, akamwonya ya pili, kisha akamwambia mbele ya wenzake kwamba akimaliza jozi nyingine, aache kitambulisho mezani na aende.

Kabla yangu gari lile lilikuwa mikononi mwa fundi aitwaye Pius, mtu mwenye mikono mepesi na kichwa chepesi zaidi. Pius aliona usukani umepinda, akazungusha tairodi ya mbele, ile fimbo ya chuma inayoyaunganisha magurudumu. Ukapinda tena, akazungusha tena. Tairi zikaanza kuisha, akazipeleka nyuma. Nilipomwuliza zilikuwa zinaishaje, akanijibu, "Zilikuwa zinaisha tu, Fundi." Nilimdharau mtu yule kwa moyo wangu wote, na sijapata sababu ya kubadili.

Elias alinijia siku moja mchana nikiwa chini ya gari jingine. Alichuchumaa, nikaona viatu vyake kwanza.

"Fundi, pole na kazi. Naomba uitazame gari yangu."

"Ina nini?"

"Haina kitu. Inavuta kidogo kulia."

"Tangu lini?"

Nikajitoa chini nimwone. Alikuwa akijikanda bega la kushoto.

"Tangu zamani," akasema.

"Na hukusema?"

"Fundi, hapa ukisema gari ina ubovu, wanasema ni wewe umeibovya."

Hilo lilikuwa kweli, na lilinikasirisha zaidi kwa kuwa kweli. Dereva mzima alikuwa ameshikilia usukani upande miezi na miezi, kama anayemvuta mbuzi asiyetaka kwenda mnadani, akiwa na wajawazito nyuma, kwa kuogopa kufungua mdomo. Nikamwambia huo ni upumbavu. Hakubisha.

"Ego, Fundi," akasema. Ndiyo yao ile ya Kiha. Kisha akatoa kitambulisho kwenye mfuko wa shati, akakiangalia, akakirudisha. "Vizuizi vya njiani unavijua. Nikitoa hiki, mimi dereva, wananiambia pita. Nikikosa hiki, mimi mkimbizi niliyekutwa nje ya kambi. Mke wangu na watoto nao hivyo hivyo. Naomba tu uitazame."

Nilitazama mbele siku hiyo, nikakuta tairodi imezungushwa hadi aibu. Nikairudisha katika kipimo chake, kiganja kikapita vizuri. Lakini usukani ukabaki umepinda. Hapo ndipo fundi wa kawaida anapozungusha tena. Mimi niliacha, maana niliisikia sauti ya Mzee Songoro ikinitukana.

Jibu lilikuja asubuhi baada ya mvua. Elias alikuwa akitoka getini, na madereva waliokuwa wakinywa chai kibandani wakaanza kucheka. "Imbwa hiyo inaondoka," akasema mmoja.

"Kwa nini mnaiita mbwa?" nikauliza.

"We Fundi hujaiona? Ikiwa mbele yako barabarani, inatembea kimbwambwa. Kichwa huku, matako kule. Mpaka Warundi kambini wanasema, *umuduga wawe ugenda nk'imbwa*, gari lako linakwenda kama mbwa."

Wakacheka tena. Nikawauliza wamelijua jina hilo tangu lini, wakasema kitambo, hata Pius analijua. Gari lilikuwa limepewa jina la ugonjwa wake, jina limeenea kambi nzima, na hakuna mtu hata mmoja aliyeona ni habari ya kupeleka gereji. Nilienda nikainama kwenye tope la getini. Gari lililonyooka huacha mistari miwili, kwa kuwa magurudumu ya nyuma yanakanyaga nyayo za mbele. Pale kulikuwa na mistari minne.

Aliporudi nilitoa uzi. Niliteremsha timazi katikati ya kila gurudumu, nikatia alama za chaki sakafuni, nikapima kutoka mbele hadi nyuma kila upande. Upande wa kulia ulikuwa mfupi kwa upana wa vidole viwili. Nikaingia chini. Kwenye gari la namna hii, ekseli ya nyuma inakalia springi za mapande, na kinachoizuia isitembee ni boliti ndogo ya katikati inayoyashika mapande yale pamoja. Ya kulia ilikuwa imekatika, na kutu ndani ya mkato ilionyesha haikukatika jana. Yubolti, zile boliti zilizopinda zinazofunga springi kwenye ekseli, zilikuwa zimelegea. Ekseli ilikuwa imesukumwa mbele upande mmoja, gari likawa linataka kwenda kulia siku zote, Elias akilivuta kushoto, na Pius akiadhibu vyuma vya mbele kwa kosa la nyuma.

Nani aliisukuma? Nilikwenda kwenye nafasi ya gari la wajawazito. Jiwe la kushoto lilikuwa dogo, limezama. La kulia lilikuwa kubwa, na chokaa yake ilikuwa imefutika pale tairi linapogonga. Nilisimama pale nikiwaza ni akili gani inayojenga nyundo, ikaipaka rangi, kisha ikaamuru magari yajigonge nayo kwa zamu.

Nilikwenda kwa Mkuu nikiwa na boliti iliyokatika mkononi. Nilimweleza yote, polepole. Alisikiliza, akaigeuza boliti, akaniuliza, "Kwa hiyo ekseli ilisogezwa na nini?"

"Na jiwe, Mkuu."

"Jiwe lina leseni?"

"Halina."

"Aliyerudisha gari mpaka likagonga jiwe ni nani?"

Niliona alikokuwa akielekea. Nilikuja kumwondolea Elias kosa la tairi, na sasa nilikuwa nimemletea kosa la ekseli, tena nimelibeba kwa mikono yangu. Mkuu alifurahi hasa. Alisema uzembe ulikuwa mkubwa kuliko alivyodhani, na kwamba Elias aje na kitambulisho kesho asubuhi.

Nikamwambia, "Sawa, Mkuu. Basi niruhusu nipime magari yote, tujue wazembe wako wangapi."

Aliruhusu papo hapo. Mtu wa namna ile hawezi kukataa idadi ya wazembe.

Sikuanza na magari ya madereva. Nilianza na lake. Mkuu alikuwa akijiendesha mwenyewe, dereva hakumtaka, na gari lake lilikuwa likibadilishiwa matairi ya mbele mara kwa mara bila mtu kusema neno la kona. Nilipiga timazi, nikatia chaki, nikafunga uzi kutoka nyuma hadi mbele. Kisha nikawatuma wote kunywa chai, Pius akiwa wa kwanza, na nikamwita Mkuu peke yake.

Alikuja akiwa na kikombe chake. Hakukuwa na haja ya maelezo. Uzi ulikuwa umegusa tairi la nyuma kama unavyotakiwa, na mbele ulikuwa umepita mbali na tairi kiasi cha kuingiza ngumi. Aliutazama, akautazama upande wa pili, akanywa chai kidogo.

"Hili ni gari gani?" akauliza, ingawa alikuwa amesimama mbele ya namba zake.

"La kwako, Mkuu."

Akaugusa uzi kwa kidole. Nikamwacha autazame, maana kumwacha mtu aone nako ni ufundi.

"Barabara za huku ni mbaya," akasema mwishowe.

"Mbaya sana."

"Kwa barabara hizi, hili ni jambo la kutegemea. Ni uchakavu wa kawaida."

"Uchakavu wa kawaida, Mkuu. Na la Elias?"

Aliniangalia kwa chuki ya wazi kabisa, nami nikamwangalia kwa heshima ambayo haikuwepo. "Si barabara ni hiyo hiyo?" akasema, akaondoka na kikombe chake.

Kesho yake alitutangazia sote kwamba uchunguzi umebaini uchakavu wa kawaida katika magari kadhaa, kwamba mawe yataondolewa kwa ajili ya kuboresha mazingira, na kwamba madereva waendelee kuwa makini. Elias alikuwa amesimama nyuma, kitambulisho tayari kiko mkononi, akisubiri kuitwa. Hakuitwa. Hakuna aliyemwomba radhi, wala hakuna aliyefuta yale maonyo. Ukweli ulikuwa umepimwa kwa uzi na kuwekwa mezani, na haukumsaidia kitu. Aliokolewa kwa sababu mkubwa aliona haya kujifukuza. Enyi mnaodhani kazi yetu inaishia kwenye kipimo sahihi, likumbukeni hilo.

Badala ya mawe tulizika matairi nusunusu, yale yaliyoliwa. Gari la Elias nililinyoosha siku hiyo hiyo: boliti mpya, yubolti zikakazwa, usukani ukakaa sawa. Kazi ikawa dereva. Mikono yake ilikuwa imezoea kuvuta kushoto, na kila alipojisahau alilipeleka gari mtaroni. Nilipanda naye mara kadhaa nikimfokea njia nzima, "Acha, halivuti tena!" naye akijibu ego, ego, huku akivuta. Ilichukua muda mrefu bega lile likubali.

Miaka ikapita. Wengi walirudi kwao, kambi zikapungua, shirika likafunga ofisi, nami nikahamia gereji ya mjini, Mkuu akapanda cheo kwingineko kama ilivyotarajiwa. Elias alipata uraia, baada ya kuomba na kungoja kuliko mtu yeyote anavyopaswa kungoja. Sasa ana gari lake dogo la mizigo, anapeleka mihogo na mawese soko la Mwanga, na matairi yake namsomea mimi mwenyewe bure, kwa kuwa mafundi wa huko wana mashine.

Mwezi uliopita nilimwomba anipeleke Kasulu na lile godoro, nimpe mjukuu. Barabara sasa ni lami, gari limenyooka, mikono yake imetulia juu ya usukani. Tulizungumza habari za mvua. Tulipofika pale palipokuwa na kizuizi kikubwa, ambapo leo pana kibanda cha vocha na migomba, Elias akapunguza mwendo bila sababu. Akakatisha maneno. Mkono wake wa kulia ukaacha usukani, ukapanda mfuko wa shati, ukapapasa.

"Unatafuta nini?" nikamwuliza.

Akautazama mkono wake, akaurudisha kwenye usukani. "Hakuna kitu, Mzee," akasema, na akaongeza mwendo.

Nikageukia dirisha, nisimwaibishe. Mkuu angeliita jambo lile uchakavu wa kawaida.